Kamba Ilipohamia Mikono Mingine

Kabla mume wangu hajaoa mke wa pili, kamba yake niliishika mimi. Nataka hilo lijulikane kwanza. Huku kwetu Nyanungu habari ya kile kisima inasimuliwa mpaka leo, na wanaoisimulia huanzia katikati, wanamsifu mke mwenzangu, wanapiga makofi, wanamaliza. Mimi naanzia mwanzo. Kuandika nilijifunza nikiwa mama mzima, kwenye elimu ya watu wazima, tumekaa juu ya magunia ndani ya ghala la kijiji, na mwalimu alikuwa kijana ambaye kitovu chake nilikikata mimi. Herufi zangu ni kubwa na zimelala kama ng'ombe walioshiba, lakini zinasomeka.

Mume wangu alikuwa mchimba visima. Kazi hiyo aliipata ujanani kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Matongo. Alirudi kutoka huko na sururu, kikohozi, na pua ya kunusa udongo akajua maji yako wapi. Mtu akitaka kisima, alimfuata yeye. Lakini kwenye nchi ya wafuga ng'ombe, mwanaume anayeingia ardhini kwa hiari yake watu humtazama kama nusu maiti. Wengine hawakupenda kukaa naye mrija kwa mrija kwenye chungu cha pombe mpaka aoge. Na walikuwa na sababu. Visima viliua watu. Ukuta unabomoka mtu akiwa chini. Jiwe linachomoka kwenye ndoo linapasua kichwa. Na kuna hewa ya chini, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana haina harufu wala rangi. Mtu anainama kuokota jembe, hainuki tena. Ndugu yake anashuka kumtoa, naye anakaa hukohuko. Upande wa pili wa mto waliwahi kuzika watu watatu kwa namna hiyo siku moja, wote wa nyumba moja, wakifuatana kumwokoa mwenzao.

Ndiyo maana kazi ile ilikuwa na sheria zake. Juu ya shimo tulisimamisha miti miwili yenye panda, tukalaza gogo juu yake. Kamba zilikuwa mbili, za katani. Moja ya ndoo, nyingine ya mtu. Ya ndoo anaivuta yeyote mwenye nguvu. Ya mtu inafungwa chini ya makwapa ya mchimbaji, na ncha ya juu inashikwa na mmoja tu, tangu anaposhuka mpaka anapotoka. Haipokezwi. Mchimbaji akishampa mtu kamba yake, amempa roho yake aikalie, na kila mtu kijijini anajua ni nani.

Mimi niliikalia miaka kumi. Nilishika nikiwa na mimba, nilishika nikinyonyesha. Na nilikuwa na njia yangu. Asubuhi, kabla hajashuka, niliteremsha koroboi ndani ya ndoo, ile koroboi yangu niliyoinunua Sirari kwa kuku wawili. Ikifika chini inawaka, anashuka. Ikizimika, hashuki mtu hata aje mkuu wa mkoa. Akishashuka, nilikuwa naongea naye. Siku nzima. Namsema, namchokoza, namtukana kidogo.

"Wewe, unachimba au unasinzia?"

"Nachimba kaburi la mdomo wako."

"Basi ongeza urefu, hapo hautaenea."

Watu walidhani ni ugomvi. Ilikuwa kazi. Kama nimemtukana na hajanijibu, nilivuta. Mara nyingine nilimvuta bure, ametega sikio anasikiliza maji tu, akatoka amekasirika, matope mpaka kwenye kope. Ananiuliza, mwanamke, una wazimu? Namwambia, ndiyo, shuka tena.

Sasa binti yangu wa kwanza akaolewa. Ng'ombe wakaja, ng'ombe wazuri, nikawatazama zizini nikasema moyoni, hawa watamwolea mwanangu wa kiume. Ndivyo ilivyo kwetu, ng'ombe wa binti ni wa nyumba ya mama yake. Walilala kwetu mwezi mmoja. Halafu mume wangu akawaswaga kwenda upande wa Ikoma, akarudi na msichana.

Msichana mwenyewe alikuwa mwembamba, shingo ndefu, mweusi wa kung'aa, umri wake na binti yangu ni uleule. Kikurya hakujua ila maneno ya kuombea chumvi. Tukaongea naye Kiswahili, naye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo alikuwa kimya. Wanaume huona mwanamke aliye kimya wakadhani ana adabu. Mimi nilimwita mla nyumbu, kwa sababu watu wa kwao ni wawindaji, nyama ya porini ndiyo iliyowalea. Alikuwa anaitika! Namwita, "Wewe mla nyumbu," anasema, "Abee mama mkubwa." Ungefanya nini na mtu kama huyo?

Ikaja amri ya kuhamia vijijini. Tukabomoa nyumba zetu za zamani, tukapangwa mstari mmoja kando ya barabara, mlango wako unatazamana na wa mtu ambaye babu yake aliiba ng'ombe wa babu yako. Watu wakawa wengi mahali pamoja na maji yakawa palepale yalipokuwa, mtoni, mbali, na ng'ombe wa kijiji kizima wanajisaidia humo kabla hujateka. Watoto wakaanza kuhara. Mwenyekiti wa kijiji akamwita mume wangu, akamwambia chimba kisima, na siku zako za shimoni zitahesabiwa kuwa ndiyo kazi yako, hutaenda shamba la ujamaa.

Asubuhi ya kuanza watu walikusanyika. Mimi nimejifunga kanga kiunoni, koroboi mkononi, nimesimama mahali pangu. Mume wangu akajifunga kamba chini ya makwapa. Akaichukua ncha ya juu. Akanipita nayo. Akamtupia yule.

"Mama mkubwa apumzike," akasema. "Mikono imechoka."

Nikamwambia, "Mikono yangu imekulalamikia lini?"

"Si mikono, basi. Ni mdomo. Nataka nichimbe kwa utulivu. Miaka yote niko chini nasemwa kama mtu aliyeshtakiwa kwa wazee. Huyu hatanisemesha."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, na alikuwa na meno mabaya. Yule msichana akaniangalia mimi, akaiangalia kamba, hajui aishike au aiache. "Shika," mume wangu akamwambia, kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kuisikia, laini kama maziwa ya mtoto.

Nikageuka nikaondoka. Na koroboi yangu nikaondoka nayo. Nilisema moyoni, kamba wamechukua, taa ni ya kuku wangu. Nikaificha chini ya kitanda, nyuma ya chungu. Nilingoja mume wangu aje kuiomba. Hakuja. Najua kiburi chake, kinalingana na changu. Na yule msichana hakujua kwamba kuna taa inayoteremshwa. Nani angemwambia?

Wiki tatu nilipita pale kila siku na jembe langu begani kwenda shamba la ujamaa. Kila siku namwona amekaa ukingoni, mgongo wima kama picha ya kanisani, kamba ameizungusha kwenye kiganja. Nikirudi jioni nakuta mume wangu ametoka, ameinama, na yule anammwagia maji shingoni, taratibu, anamwondoa matope kwa kidole nyuma ya masikio. Mimi nilikuwa namtupia debe zima nikamwambia jiogeshe. Siku moja nikaona amemshika mkono. Msichana alikuwa ametoka malengelenge kwa ile katani, na mume wangu amekipindua kiganja chake juani anakitazama, anakipuliza. Mikono yangu ilipasuka miaka kumi. Damu ilikauka kwenye kamba ile. Hakuwahi hata mara moja kuipindua aitazame.

Usiku ule ugali nilioupika uliwashinda watoto, ulikuwa mgumu kama kisigino.

Mvua ikanyesha siku mbili, shimo likapumzika. Siku ya tatu ikatoka amri ya palizi: kila mtu shamba la ujamaa, na vijana wawili waliokuwa wanavuta ndoo pale kisimani nao wakachukuliwa. Mume wangu akasema hata hivyo atashuka, atalegeza udongo tu, vijana wakirudi watautoa. Hilo lilikuwa kosa lake. Shimo lililopumzika siku mbili halishukiwi bila taa. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika wilaya hii.

Mimi shambani nikapalilia mistari miwili. Nikaanza kufikiri, vijana hawapo, watu wote wako huku, wale wako wawili peke yao. Ona akili ya wivu! Mtu yuko chini ya ardhi urefu wa watu sita waliobebana mabegani, mwingine yuko juu, mimi nawaza wanafanya nini. Nikamwendea msimamizi nikamwambia kichwa kinanipasuka. Akasema, "Mama, wewe hujawahi kuumwa kichwa." Nikamwambia, "Leo kimeanza." Nikaondoka. Nasema ukweli wangu: sikwenda kuokoa mtu. Nilikwenda kuchungulia.

Nilinyata kama mwizi wa kuku mpaka kwenye kichaka. Nikamwona amekaa vilevile, wima, kamba kiganjani, na pembeni moto mdogo anachemsha uji wa mume wangu. Hakuna kilichofanyika. Nikaona haya kidogo, halafu haya ikageuka hasira, nikajitokeza.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Umekuwa sanamu?"

"Baba amesema nisiongee."

"Hata yeye haongei?"

"Hajaongea."

"Tangu saa ngapi?"

Akafikiri. "Tangu ng'ombe walipopita kwenda machungani."

Ng'ombe walikuwa wamepita zamani. Jua lilikuwa limeshafika kichwani. Nikasogea ukingoni nikapiga kelele chini, "Wewe mzee usiye na meno! Umehamia huko?" Meno alikuwa nayo yote, na tusi hilo lilikuwa linamuudhi kuliko yote. Nikangoja. Kwenye miaka yetu yote sijawahi kumtukana mtu yule asinijibu.

Nikaikwapua kamba mkononi mwa msichana, nikavuta. Ikaja nyepesi. Ikaja, ikaja, ncha ikatoka juu imelowa, haina mtu.

"Huwa anaifungua," akasema. "Inamzuia kupiga sururu. Aliniambia nisikuambie."

Kwa hiyo walikuwa na siri. Mume wangu yuko chini amekufa au anakufa, na kitu kilichonichoma kwanza ni kwamba walikuwa na siri. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyo.

Yule msichana hakulia. Aliichukua ile kamba mikononi mwangu, akajifunga kiunoni fundo moja la haraka, fundo la watu wa mitego, akanirudishia ncha. "Nishushe," akasema. Akageuka akaweka mguu mmoja ndani ya shimo, unatafuta kidato ukutani.

Sasa sikiliza. Yeye alidhani mume wetu ameangukiwa na jiwe, au amezimia kwa joto. Mimi nilijua. Nilijua mvua ya siku mbili, shimo lililolala, taa iliyo chini ya kitanda changu. Nilijua kwamba akishuka vile, kabla hajamfikia, magoti yatamlegea, na watakuwa wawili. Nilijua, kamba iko mikononi mwangu, na nikanyamaza.

Haukuwa muda mrefu. Muda wa kumeza mate. Lakini katika muda huo niliona nyumba yake haina moshi. Niliona ng'ombe wa binti yangu. Niliona watu wakiniuliza ilikuwaje, nami nikijibu, alitaka mwenyewe, mimi nilimshikia kamba. Yote hayo niliyaona, yamenyooka kama mstari wa mahindi. Na yeye, mguu ndani mguu nje, aliinua uso akanitazama.

"Toa mguu humo!" Nikamshika nguo nikamvuta mpaka akaanguka chali. "Toa mguu, mjinga wewe, kuna hewa! Kata majani! Kata matawi!"

Tukakata matawi ya kichaka kilekile nilichojificha. Tukayafunga fungu kubwa kwenye kamba ya ndoo, tukalitupa chini, tukalivuta, tukalitupa, tukalivuta, kama mtu anayetwanga ndani ya kinu kirefu, ili hewa ya chini ichanganyike na ya juu. Yeye alimwaga shimoni maji yote ya debe, yale ya kumwogeshea. Nikachukua kopo, nikatia majani makavu na kaa la moto wa uji, likawaka, nikaliteremsha. Likazimika njiani. Tukatwanga tena. Mikono yake ilitoka damu, yangu haikutoka, ilikuwa ngumu zamani. Na wakati wote huo nilikuwa nalia kwa sauti, namtukana mume wangu kila tusi la Kikurya ninalolijua.

Kelele zangu zikamleta baba mkwe. Alikuwa anachunga ndama ng'ambo ya barabara, mzee wa blanketi na fimbo. Alisimama mbali akatugeuzia mgongo, kama inavyompasa mkwe. Kwetu sisi mke wa mwana na baba wa mume hawatazamani usoni, hawakai mkeka mmoja, hawagusi chombo kimoja kwa wakati mmoja. Tangu niolewe sikuwahi kumwambia neno moja kwa moja.

"Kuna nini huko, enyi watoto wa watu?" akauliza, anaongea na barabara.

Nami, hebu fikiri, mume wangu anakufa, nikaanza kuongea na ndama! "Wewe ndama, mwambie anayekuchunga mwanawe yuko shimoni, hajibu." Mdomo wenyewe ulishazoea njia hiyo. Mzee akamjibu ndama, "Mwambie aite wanaume." Nikamwambia ndama, "Wanaume wako kwenye palizi, mbali." Ndama anakula majani. Halafu kitu kikakatika ndani yangu, nikageuka nikamtazama mzee kisogoni, nikapiga kelele, "Tata! Baba! Njoo ushike kamba!"

Alitetemeka kama nimempiga. Nilimwona anahesabu moyoni, mwanawe upande huu, aibu upande ule. Halafu akalivuta blanketi lake juu, akajifunika kichwa kizima kama mtoto mwenye homa, akaja anapapasa ardhi kwa fimbo, kinyumenyume, mpaka nikaogopa atatumbukia yeye pia. Nikaisukuma ncha ya kamba ya ndoo kwa mguu hadi kwenye viganja vyake. Akashika.

Kopo la tatu liliwaka mpaka chini. Moto ulikuwa mwekundu, umedhoofika, lakini uliwaka. Kwa mwanga wake tukamwona mume wetu amekaa, amelaza shavu ukutani, kama mtu anayesikiliza jirani.

Msichana akaniangalia. Kamba bado iko kiunoni mwake. Ilibidi mmoja ashuke, na mimi ndiye mzito, na mimi ndiye nijuaye kushusha. "Usipumue kwa kinywa," nikamwambia. "Mfunge kamba ya ndoo chini ya makwapa, fundo kifuani. Na uongee! Kila unapokanyaga uongee, ukinyamaza navuta." Nikamshusha. Na yule aliyekuwa kimya mwaka mzima akaongea, sijui lugha gani, Kiikoma chake, alikuwa anahesabu au anasali, sauti inazidi kuwa ndogo, nami kila neno nililitolea kamba kidogo.

Tulimtoa mume wangu kwanza, mimi na mzee aliye ndani ya blanketi, kamba moja, mikono yake nyuma ya yangu. Nilimlaza ubavu. Uso ulikuwa wa majivu, povu puani. Sikuweza kumshughulikia, maana chini sauti ilikuwa imekatika. Nikavuta. Wallahi, sijawahi kuvuta kitu maishani kama nilivyomvuta yule. Alitoka anatapika, macho mekundu, akatambaa kwa magoti hadi kwa mume wetu akaanza kumsugua kifua.

Mume wangu alikoroma. Akakohoa. Akafumbua macho, mimi nimemshika kichwa mapajani mwangu, uso wangu uko juu ya uso wake kama paa. Akasema, "Mdogo yuko wapi?"

Nikamwambia, "Yuko miguuni kwako. Mimi ndiye huyu."

Akafumba macho tena.

Mkutano wa kijiji ukafanyika. Mwenyekiti akasimama akasema kijiji chetu kimepata shujaa, mama kijana kutoka Ikoma, ameingia shimoni kumtoa mumewe, huo ndio ujamaa wa kweli. Wanawake wakapiga vigelegele, na wale waliokuwa wanamwita mla nyumbu kwa kunifuata mimi ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Akapewa kitenge cha duka la ushirika, wakati ambao kitenge ulikipata kwa kupanga foleni tangu alfajiri. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Baba mkwe akachinja mbuzi kusafisha ile kamba tuliyoishika pamoja, tukapakwa damu yake, yakaisha, akarudi kunipa mgongo. Kisima kikamaliziwa na wachimbaji wengine kutoka mbali, na watu waliyanywa maji yale miaka mingi.

Mume wangu hakushuka tena. Mikono yake ilibaki inatetemeka, na kichwa kilimuuma kila mvua ikitaka kunyesha. Siku moja amekaa anachonga mpini ambao hakuweza kuumaliza, nikamletea koroboi, nikaiweka mbele yake. Nikasema, "Ilikuwa chini ya kitanda changu."

"Najua," akasema. "Nilikuona ukiondoka nayo."

"Kwa nini hukuiomba?"

"Ungenipa?"

"Ningekutukana kwanza."

"Ndiyo hivyo."

Nikamuuliza tena, maana lilikuwa linanila, "Na kamba? Nieleze sababu ya kweli, siyo mdomo."

Alichonga kidogo. Akasema, "Wewe una watoto, una shamba, una ulimi. Mimi nikibaki chini, wewe utaishi tu. Yule hana kitu huku ila mimi. Nilifikiri mtu kama huyo atavuta zaidi."

Nilitaka kumrushia ile koroboi. Miaka kumi ya kamba, na hicho ndicho alichokijua juu yangu. Na sikuweza kumjibu kwamba amekosea, kwa sababu ule muda wa kumeza mate ulikuwa bado uko kooni mwangu. Nikaenda kukama.

Nilidhani siri hiyo ni yangu peke yangu. Mwaka uliofuata tulikuwa tunapepeta ulezi, mimi na mke mwenzangu, upepo mzuri, makapi yanaenda upande wa kwao. Alikuwa na mimba ya kwanza, na Kiswahili chake kimenyooka, kimeanza hata kuwa na kiburi. Akasema bila kuniangalia, "Mama mkubwa, siku ile pale ukingoni. Nilikuona."

"Uliona nini?"

"Nilikuona unanyamaza."

Ungo ulinisimama mikononi. Ningeweza kumwambia nilikuwa nafikiri, nilikuwa naomba, chochote. Nikamuuliza, "Sasa kama uliniona, kwa nini baadaye ulishuka na kamba ninaishika mimi?"

Akapepeta mara mbili, tatu. "Nani mwingine anajua kuishika?" akasema.

Neno hilo ndilo nililolisubiri kwa mume wangu tangu siku aliponipita. Nililitaka mbele ya watu, mwenyekiti awepo na meno yake. Likaja kutoka kwa mla nyumbu, juu ya makapi, hakuna aliyesikia. Na hata kulisema amelisema vizuri kuliko ambavyo ningelisema mimi. Niliudhika siku nzima.

Nikajaza kikapu changu, nikajitwika. Chake kilikuwa kizito kwa mtu mwenye ile mimba, hilo niliona. Nikarudi hatua mbili, nikapunguza ulezi wake nikatia kwangu, nikamwambia asidhani nimefanya hivyo kwa ajili yake, ni kwa ajili ya mtoto. Halafu nikatangulia mbele, haraka, ili asinione uso.